Kocha wa Kifua

Fundi cherehani tunamchunguza kwanza: kajifunza wapi, mshono wake ukoje. Kocha wa mazoezi tunamkagua kifua tu. Kikituna, basi, kahitimu!

Wangu nilimwokota ufukweni Coco, Dar es Salaam. Hakuniuliza presha wala goti. Alikitazama kitambi, akatabasamu: "Mzee wangu, wiki mbili tu!" Tukaanza na kuchuchumaa mara mia. Kesho yake nilishuka daladala kinyumenyume, konda kanishika mkono kama bibi harusi.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Yeye alitaka tuzimalize asubuhi moja.

Nilipomwomba cheti, alivua fulana.