Kiima Kilichoachwa Kituoni

Katika wakati uliopo, kitenzi cha Kiingereza hupatana na kiima kwa alama moja tu, s ya nafsi ya tatu umoja. Ni "to be" pekee chenye maumbo mengi. Ubahili huo ungekuwa nafuu kwa mwanafunzi, ila s hiyohiyo ndiyo inayotia nomino wingi. Mtoto anayeandika "the boys runs" hakukosa mantiki: aliambiwa s ni ya wengi, akaigawa kwa haki.

Kasheshe kubwa huanza kiima na kitenzi vinapotengana. Karani wa shule anaandika tangazo: "The list of books donated by the parents of our former pupils..." Anainua kalamu, anasoma tena, kisha anaandika "are". Kiima ni "list", orodha moja, lakini imeshushwa kituo cha kwanza; njiani wamepanda vitabu, wazazi na wanafunzi, wote wingi, na kitenzi kimemsikiliza abiria wa mwisho. Wenye lugha nao huteleza hapohapo. Mwaka 1991 Kathryn Bock na Carol Miller walichapisha utafiti ambamo wazungumzaji wa Kiingereza walipewa mianzo ya sentensi waimalizie. Nomino ya wingi iliyojipenyeza katikati iliwapotosha. Ya umoja haikuwasumbua sana.

Kiswahili humlinda msemaji kwa ngeli. Anayesema "orodha ya vitabu vya wazazi imepotea" ameshikwa mkono na i- hadi mwisho. Hata hivyo, mwulize kiti na meza, vimevunjika au zimevunjika, uone atakavyokohoa.

Tukirudi kwenye Kiingereza, viunganishi navyo vina visa vyake. "The headmaster, together with his teachers, is late": walimu wamechelewa pia, ila sarufi haiwahesabu. Kwa "neither... nor", nomino iliyo jirani na kitenzi ndiyo huamua, hivyo "neither the headmaster nor the teachers are"; wakibadilishana nafasi, "is" inarudi. Nomino za makundi nazo zina visa: kamati Marekani kwa kawaida ni "is". Uingereza huweza kuwa "are", hasa wajumbe wakigombana.

Mtego mbaya zaidi umo kwenye barua za sifa: "She is one of those teachers who come early." "Who" inarejelea walimu, kwa hiyo "come". Wahariri wenyewe hubishana hapo, na karani mjanja huandika tu kwamba mwalimu huyu huwahi.