Mtandao Ukilala: Mwongozo kwa Mwananchi wa Mbeya na Iringa

Mwongozo huu ni wako wewe unayetarajia kwenda ofisi za Halmashauri ya Jiji la Mbeya au Manispaa ya Iringa kuhuisha leseni ya biashara, kulipia kibanda sokoni au kufuatilia kibali cha ujenzi, ukafika dirishani na kuambiwa: "Leo mtandao hakuna."

Anza na mavazi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya inaingia mpaka kwenye mifupa, na Iringa nayo haina huruma asubuhi. Benchi la nje halina heta. Beba sweta, beba chapati mbili, beba na kalamu. Kalamu utaihitaji kuliko hivyo vingine, na sababu utaiona mbele.

Ukifika, salimia vizuri. "Kamwene" kwa Iringa, "Ugonile" kwa Mbeya, au shikamoo kama aliyekaa pale anastahili. Dada wa dirishani hakukata waya wowote, na mtandao ukirudi jioni yeye ndiye atakayebaki kumaliza foleni yenu. Baada ya salamu, uliza swali moja tu, lakini uliulize kwa makini: "Samahani dada, kilichokwama ni nini hasa?"

Swali hilo lina uzito kwa sababu "mtandao hakuna" ni jina moja la magonjwa mengi. Afisa anapoingiza ombi lako kwenye mfumo wa mapato wa halmashauri, ombi linasafiri hadi kwenye mfumo wa malipo wa Serikali, GePG. Huko inatolewa kontroo namba. Wewe unailipia kwa simu, benki au kwa wakala, kisha taarifa ya malipo inarudi ilikotoka, ndipo leseni inachapwa. Safari hiyo inaweza kukatika popote. Umeme wa ofisi ukizimika, subiri, huenda ni suala la saa moja. Kama ni intaneti ya jengo lile tu, uliza kama kuna ofisi nyingine ya halmashauri inayofanya kazi. Kama mfumo wenyewe umelala, utakuwa umelala kwa wengi, kwa hiyo okoa nauli na urudi nyumbani. Na kama tayari umelipa ila malipo "hayajasoma", usilipe mara ya pili! Tunza ujumbe wa muamala, maana ndio shahidi wako.

Wakati mwingine chanzo kiko mbali sana. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, akalitangazia taifa. Mtu wa Uyole, Mbeya, ambaye hajawahi kuiona bahari alibaki anaangalia simu isiyofungua kitu. Na hata bahari ikitulia, huku bara tunategemea Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao sehemu yake ni nyaya zilizofukiwa ardhini. Kijiko kimoja cha kuchimba mtaro wa barabara kinatosha kuzikata. Kwa hiyo tunapodai barabara pana, tudai pia mkandarasi aonyeshwe nyaya zilipolala kabla hajachimba.

Sasa fika sokoni. Mkusanya ushuru amesimama kando ya fuso la viazi, ameinua mashine ya POS juu ya kichwa akitafuta mtandao, karatasi ya risiti imetoka nusu na kukwama. Dereva anapiga honi. Hapa ndipo atakapojitokeza mtu mwema kupita kiasi na kusema, "Nipe mimi hela taslimu, mtandao ukirudi nitakulipia." Mkatalie. Mkatalie hata kama ni shemeji yako. GePG ilipoanza mwaka 2017, moja ya shabaha zake ilikuwa kuziba mianya ya fedha za umma kupita mikononi mwa watu, na mfumo ukilala siku moja si sababu ya kuifungua mianya hiyo upya. Mtandao ukirudi na risiti ikatoka, itoe kopi siku hiyohiyo. Karatasi zile hufifia, na mwakani utabaki na kipande cheupe kisichothibitisha chochote.

Ile kalamu, sasa. Kabla hujaondoka ofisini, andika tarehe, saa uliyofika, huduma uliyofuata na jibu ulilopewa, kisha omba karatasi yako igongwe muhuri. Wengine watakushangaa. Omba tena kwa upole. Leseni ikiisha muda wake huku ukiwa benchini, hesabu ya faini ya kuchelewa haitajua kwamba ulifika. Karatasi yako itajua.

Lakini si haki mzigo wote huu aubebe mwananchi. Mama anayeuza mchele soko la Mwanjelwa, Mbeya, akifunga meza siku nzima kufuata huduma, siku hiyo hakuna wa kumrudishia, na kesho yake akirudishwa tena amepoteza mtaji. Ndiyo maana naziomba halmashauri zetu mbili mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Mfumo ukilala, tangazeni mapema redioni na kupitia watendaji wa kata, watu wasipande daladala bure. Wekeni daftari mapokezi la kuandika kila aliyefika, kwa tarehe na muhuri, na mtandao ukirudi muwapigie simu kwa mpangilio wa majina. Na siku ambazo mfumo haukufanya kazi, zitoeni kwenye hesabu ya faini. Daftari moja ni bei ndogo. Linunueni wiki hii.