Mboni na Mwanafunzi: Uainishaji wa Neno Moja

Neno la Kiingereza pupil lina wenyewe wawili: mwanafunzi wa shule ya msingi, na lile tundu jeusi katikati ya jicho. Kamusi huwatenganisha kwa namba, mithili ya watoto wa baba mmoja wasiosalimiana. Utafiti wetu, uliofanyika mbele ya kioo cha kunyolea, umebaini kuwa ni ndugu wa damu.

Bibi yao ni pupa wa Kilatini, yaani msichana mdogo, au mwanasesere. Katika ukoo huo akatokea pupillus, yatima aliyewekewa mlezi na sheria ya Kirumi. Yatima huyo alipitia Ufaransa, akavuka bahari hadi Uingereza, huko mlezi akageuka mwalimu. Ya mwanafunzi yameishia hapo.

Ya jicho ndiyo matamu. Mtazame mwenzio machoni kwa karibu (kwa ridhaa yake) utajiona umo humo, umesinyaa mpaka umekuwa mwanasesere. Warumi walimwona wakamwita pupilla. Wagiriki walikwisha kumwita kore, msichana. Waarabu humwita mtu wa jicho. Waswahili hatukutaka mambo ya wanasesere: mboni yetu imetokana na kuona, tena b ya Kibantu cha kale, iliyodondoka katika ona, ingali imejibanza humo.

Sasa tabia. Mboni hutanuka gizani hadi kukaribia milimita 8, na kwenye mwanga mkali hunywea hadi 2 hivi. Mwanafunzi naye, umeme ukikatika hutanuka, mkaguzi akiingia hunywea. Mboni huonekana nyeusi kwa kuwa mwanga ukishaingia, karibu wote humezwa humo humo. Kinachorudi nje ni kidogo mno. Mwalimu aliyewahi kusahihisha mitihani ya darasa la sita hahitaji kuelezwa tunapoelekea.

Ipo aina ya tatu, ambayo ilitusumbua kuiainisha. Nchini Uingereza, na Kenya pia, mhitimu wa sheria anayejifunza kazi chini ya wakili mzoefu naye huitwa pupil. Kwa Warumi, mvulana aliacha kuwa pupillus alipotimiza miaka 14. Huyu ana shahada, ana tai, pengine ana mke na watoto wawili, na bado yuko chini ya mlezi.