Jinsi ya Kufufua Seva Isiyo na Bekapu na Kubaki na Heshima Yako

Saa mbili asubuhi. Tovuti ya ofisi haifunguki, simu zinalia, na mtu wa IT ni wewe. Bekapu? Ulisema utaanza Jumatatu. Bahati nzuri, hakuna aliyeuliza Jumatatu ipi. Futa jasho, ndugu yangu, tuanze.

1. Singizia kitu cha mbali. "Mtandao unasumbua" inatosha kwa nusu saa. Bosi akizidi kuuliza, taja bahari. Mei 2024 mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kweli, Afrika Mashariki ikateseka, kwa hiyo utaaminiwa. Hakuna bosi atakayevua viatu akazame kuhakikisha.

2. Usizime. Najua mkono unakuwasha uiwashe upya. Uzuie. Kwenye Linux, faili lililofutwa huwa bado lipo maadamu kuna programu inayolishikilia; unaweza kulichota kupitia /proc. Ukizima seva, umelizika mwenyewe.

3. Andika df -h. Mara nyingi seva haijafa, imevimbiwa tu. Diski imefika asilimia 100, /var/log imejaa kumbukumbu zisizosomwa na mtu, na database haina pa kuandikia. Futa zilizochakaa, itahema tena. Ukiona nafasi ipo lakini bado inalalamika, andika df -i. Huenda inode, yaani nafasi za kuandikisha faili, ndizo zilizokwisha. Hiyo ni kazi ya dakika tano, ila usitoke chumbani kabla ya saa sita. Kazi ya dakika tano haina heshima. Kunja uso, agiza chai.

4. Database ikigoma kuamka, nakili kwanza data yote kwenye diski nyingine. Hapa usifanye utani. Kama ni MySQL, tumia innodb_force_recovery, yenye ngazi 1 hadi 6. Anza na 1, panda polepole. Kuanzia 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja. Ikiamka tu, toa kila kitu kwa mysqldump kabla haijabadili mawazo.

5. Ikikataa kabisa, nenda ukaombe. Wayback Machine, ile hifadhi ya tovuti mtandaoni, huenda ina kurasa zako za zamani. Kisha mtafute yule kijana wa fildi uliyemfokea kwa kunakili tovuti kwenye laptopu yake. Leo muite "mtaalamu" na umnunulie chipsi kuku. Hata Pixar waliwahi kufuta sehemu kubwa ya filamu yao ya Toy Story 2, bekapu ikakutwa mbovu, na filamu ikaokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga.

6. Andika taarifa isiyo na mtenda. "Kulitokea hitilafu ya kiufundi" ni sentensi safi: hitilafu ilikuja yenyewe, kwa miguu yake. Usiwaige GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu. Januari 2017 mhandisi wao alifuta takriban GB 300 za database, njia zao tano za kuhifadhi data zikawaangusha, wakaponea nakala ya saa sita nyuma. Badala ya kunyamaza, walikiri hadharani na kurusha ukarabati mubashara. Watu wakawasifu. Ujasiri wa namna hiyo unaweza kuwafanya mabosi wengine wadai ukweli.

7. Pokea pongezi, kisha weka bekapu. Ndiyo, safari hii kweli. Ipange ijiendeshe kila usiku, na uihifadhi kwenye diski ileile ya seva ileile, ili iwe karibu ukiihitaji. Usiijaribu hata siku moja kuona kama inarejesheka. Utajinyima usingizi bure. Baada ya miezi michache, asubuhi moja, tovuti haitafunguka. Diski itakuwa imejaa bekapu.

Rudi hatua ya kwanza. Safari hii lakini tafuta bahari nyingine.