Namna ya Kukata Wanga Bila Kukosana na Wakwe

Anza bila kutangaza. Mtu akisema mezani kwamba kuanzia leo hali ugali, ameitisha kikao cha ukoo. Shangazi atataka kujua umelogwa na nani, kaka atauliza kwa upole kama kazini kuna shida, na jirani aliyekuja kuomba chumvi atavuta kigoda asikilize mpaka mwisho. Wewe nawa mikono, kaa kimya, geuza sahani.

Kugeuza sahani ndiyo kazi yenyewe. Sahani zetu hujengwa kuanzia ugali: kwanza mlima, halafu mboga pembeni, kiasi cha kulowesha tonge. Wewe jenga kuanzia mboga. Mchicha, matembele, bamia, kabichi au nyanya chungu zijaze nusu ya sahani. Samaki, dagaa, mayai, kuku au maharage vichukue sehemu kubwa ya nusu iliyobaki. Ugali ukae kwenye kona, ukubwa wa ngumi yako iliyofungwa. Nasisitiza iliyofungwa, kwa sababu wapo wanaopima kwa kiganja kilichokunjuliwa, na vidole vyote vikahesabiwa.

Ukitaka kujua kwa nini ngumi, piga hesabu. Katika gramu 100 za unga wa mahindi, wanga ni kama gramu 75. Mtu mzima mwenye njaa humaliza ugali wa unga gramu 200 bila kushusha pumzi, yaani wanga gramu 150 kwa mkao mmoja. Wataalamu wengi huuita mlo wa wanga kidogo ule usiozidi gramu 130 kwa siku nzima. Kwa hiyo mlo wa mchana peke yake umeshavuka mstari, na hapo hatujahesabu maandazi ya asubuhi wala wali wa usiku. Keto ndiyo kali zaidi: gramu 20 hadi 50 kwa siku, kiwango ambacho ndizi mbili zilizoiva zinaweza kukimaliza. Kwa anayekula kwa mama lishe na kualikwa harusi kila Jumamosi, keto siipendekezi. Atakaa nayo wiki mbili, ya tatu atakutwa kwenye banda la chipsi.

Kabla hata hujagusa ugali, shughulikia vya kunywa, maana huko ndiko kuna ushindi wa haraka. Soda ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30. Juisi ya miwa inayokamuliwa mbele yako ni asilia kabisa, na ni sukari kabisa. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4 hivi. Anayeweka vitatu kwenye kila kikombe, na vikombe vinne kwa siku, amekunywa karibu gramu 50 akidhani amekunywa chai. Usiache kwa mkupuo, utaichukia chai na itakuwa dhambi. Punguza nusu kijiko kila wiki, na ongeza tangawizi, iliki na mdalasini. Chai yenye viungo vya kutosha haihitaji kusaidiwa na sukari.

Atatokea mtu akuambie kwamba haya ni mambo ya kisasa yaliyoletwa na simu. Mweleze habari za William Banting. Alikuwa mzishi wa London, wa familia iliyoendesha mazishi ya kifalme, na alinenepa mpaka ikawa taabu kuinama afunge viatu na kushuka ngazi. Alijaribu kupiga makasia, njaa ikaongezeka, unene ukabaki. Daktari William Harvey, ambaye Banting alimwendea kwa tatizo la masikio, akamwambia aache mkate, sukari, bia na viazi. Banting alikuwa na paundi 202, karibu kilo 92. Kwa mwaka mmoja hivi akapungua paundi 46, karibu kilo 21. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 66, alichapisha kijitabu kuwaeleza wenzake. Huko Afrika Kusini, mlo huu unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Huku Tanzania sauti iliyosikika zaidi ni ya Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Alisema wazi kwamba tunakula wanga na sukari kupita kiasi, na watu wakamtania mitandaoni. Nafurahi kwamba walimtania. Ushauri unaotaniwa kwenye vijiwe vya kahawa umeshafika kwa watu wasiokanyaga hospitali mpaka wabebwe.

Lakini usifanye mlo huu kuwa dini. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa mwaka mzima, nusu wakipunguza wanga na nusu wakipunguza mafuta. Wa wanga walipungua kwa wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kilo 5.3, tofauti isiyotosha kumpa upande wowote kombe. Makundi yote mawili yalikuwa yameambiwa waache sukari na unga uliokobolewa, na wale mboga kwa wingi. Mimi nashauri njia ya wanga kwa sababu ya mahali tunapoishi. Sahani yetu imejaa wanga, basi tupunguze kilichojaa.

Wiki ya kwanza mizani itakusifu. Kilo moja na nusu, pengine mbili, zitaondoka, nawe utataka kumpigia simu kila aliyewahi kukuita bonge. Subiri kwanza. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu moja hukaa na maji kama gramu tatu. Ukipunguza wanga, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Mafuta ya tumboni bado yapo, hayajaanza hata kufunga mizigo. Siku hizo huenda kichwa kikauma na mwili ukalegea. Kunywa maji ya kutosha na supu yenye chumvi kiasi, isipokuwa daktari amekukataza chumvi. Kuanzia wiki ya pili kasi itapungua, na hapo ndipo wengi huacha wakidhani njia imekufa.

Sasa tufike ukweni, maana huko ndiko mlo huu hufaulu au hufia.

Mama mkwe ameamka alfajiri. Ugali upo, wali wa nazi upo, chapati zimefunikwa kwa kitambaa, na samaki wa kupaka ni mmoja, vipande sita, watu sita. Mgeni mjinga wa wanga kidogo ataacha ugali na wali kisha anyooshe mkono kwenye kipande cha pili cha samaki. Amekula riziki ya mtoto wa shemeji, na habari itafika Tanga kabla yake. Elewa uchumi wa chungu: katika nyumba nyingi ugali ndio unaoongezwa bila kuhesabiwa, lakini nyama na samaki huhesabiwa kipande kwa kipande. Anayekataa kile kilicho kingi anageukia kile kilicho haba, na hapo ndipo chuki juu ya mlo huu huanzia, wala si ya bure.

Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Beba trei ya mayai, au kuku, au kilo ya dagaa wa Mwanza waliokaushwa vizuri, ukabidhi jikoni mapema, si mezani. Protini utakayokula zaidi iwe umeileta. Ukikaa, usiseme "sili". Omba kilicho kingi na kinachofaa:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sahani haina kitu? Chakula chetu hakikupendezi?"

"Kinanipendeza mno, mama. Huu mchicha wa nazi umewekwa nini? Naomba nikuongezee kazi, unipakulie tena."

Hakuna mpishi aliyewahi kugombana na mtu aliyeomba mboga mara ya pili. Kula kijiko kimoja cha wali wake, kile cha juu chenye tui, na ukile kwa furaha ya kweli. Kijiko kimoja hakina uwezo wa kukurudishia kilo. Kukikataa kuna uwezo wa kukukosesha mengi.

Harusini mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu hakuna anayekuangalia zaidi ya mpakuaji wa kwanza kwenye foleni, na yeye kazi yake ni kuijaza sahani yako pilau usibakize nafasi ya nyama. Mwambie kijiko kimoja kabla hajachota. Ukisema baada ya kuchota, umechelewa, kijiko kiko angani. Kwa mama lishe agiza ugali nusu na mboga za majani mara mbili, na ulipe hiyo ya pili bila kulalamika. Wiki moja tu atakuwa amekuzoea, atakupakulia bila kuuliza. Kwa muuza chipsi agiza mayai matupu na kachumbari. Atakutazama. Mlipe tu.

Mwezi wa Ramadhani ni mtihani wa aina yake, maana futari ya Pwani ni magimbi, mihogo, viazi vitamu, ndizi, tambi na kaimati, wote ndugu wa tumbo moja. Fungua kwa tende na maji, kunywa supu, kisha chagua kimoja unachokipenda kuliko vyote, ule hicho tu kwa jioni hiyo. Kesho ni zamu ya kingine. Siku thelathini zinawatosha wote.

Na msibani, kula ulichopewa. Wali na maharage vilivyopikwa kwenye sufuria kubwa na majirani waliokesha si mahali pa kupimia gramu. Aliyefiwa akikuona unatenga wali pembeni, ataona hukuja kwa ajili yake.

Mwezi wa pili au wa tatu nguo zitaanza kulegea, na hapo jiandae kwa maswali. Kwetu kitambi bado kinahesabiwa kuwa hati ya benki, kwa hiyo mwanamume akipungua atasikia ananong'onwa kwamba amefulia, au mkewe hampikii. Mwanamke ataulizwa kama ndoa ina amani. Wengine watadhani ni ugonjwa, na watakushika mkono kwa huruma sokoni. Usikasirike, wamezika watu waliokonda, na hofu yao ina chanzo. Jibu mara moja, kwa sauti, ukitabasamu: "Nimepunguza ugali na sukari, na najisikia vizuri." Wanandoa wajibu kwa pamoja ili mpishi wa nyumba asibebe lawama. Ndiyo faida nyingine ya kutotangaza mwanzoni: sasa una ushahidi unaotembea.

Sasa weka utani pembeni. Kama unatumia insulini, au vidonge vya kisukari vya kundi la glibenklamidi, usikate wanga kabla ya kuonana na daktari wako. Dawa hizo hushusha sukari ya damu, na wanga ukipungua ghafla dozi ileile inaweza kukushusha mpaka ukazimia. Vidonge vya presha navyo huenda vikahitaji kupunguzwa uzito unavyoshuka. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye maradhi ya figo wasijiamulie wenyewe. Huyo jamaa wa kijiweni anayekuambia tupa dawa, kula nyama, muulize atakuja saa ngapi kukupeleka hospitali usiku.

Atakayesema mlo huu ni wa matajiri ana hoja, ila anafikiria nyama choma. Fikiria dagaa, mayai, mchicha wa bustanini, karanga, na parachichi msimu wake ukifika Njombe na Rungwe. Maharage yana wanga, ni kweli, lakini yamekuja pia na protini na nyuzinyuzi, kwa hiyo yanashibisha na kukaa tumboni muda mrefu. Mwenye kipato kidogo asiyaache kabisa, ayaongeze na apunguze ugali unaoyasindikiza. Mafuta usiyaogope wala usiyamimine. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4, na tui la nazi halijui kwamba uko kwenye mlo.

Pima kiuno kwa kamba ileile, asubuhi, kabla ya chai, mara moja kwa wiki. Mizani hupandishwa na maji, chumvi na hata choo kilichochelewa. Kiuno hakibadilikibadiliki hivyo. Kilo mbili kwa mwezi ni mwendo mzuri. Na suruali ikikulegea, mpelekee fundi cherehani aibane, lakini mwambie asikate kitambaa. Akunjie ndani na ashone kwa uzi mrefu, mpaka umalize sikukuu zote za mwaka na kiuno kiwe kimekaa.