Ami, Nimewaona Wabara wa Huku

Ami,

Hamburg nimeshahama, sasa niko München, na nakuandikia mbiombio kwa sababu nimekuta jimbo zima la watu wanaozungumza kama wewe barazani baada ya alasiri. Tofauti ni kwamba hawa hununa kwa Kijerumani.

Kisa kilianzia duka la mikate. Kijerumani changu nilikisoma Hamburg, na kule vimkate vya asubuhi huitwa Brötchen. Nikaomba viwili. Muuzaji akanitazama. Nikarudia. Akamhudumia aliye nyuma yangu, mimi nimesimama kama nguzo. Mzee mmoja akaninong'oneza: sema Semmel. Kusema tu Semmel, vikaja, tena na tabasamu juu yake. Ami, yule mama alifahamu tangu mwanzo! Nikakukumbuka siku ile mgeni wa Dar alipokuuliza watoto wanasoma shule gani, ukajitia uziwi mpaka alipotamka skuli.

Mbavaria ana jina moja kwa kila Mjerumani wa kaskazini: Preiß, yaani mtu wa Prussia. Prussia yenyewe ilifutwa rasmi 1947, lakini yeye anawaona kila siku, na mmoja kapanga ghorofa ya juu yake. Ni sisi Wazanzibari hasa: awe Msukuma, awe Mhaya, akishashuka boti pale Malindi keshakuwa Mbara, basi.

Siasa zao ndizo utakazozipenda. Jimbo wanaliita Freistaat, dola huru, na wameliandika hivyo kwenye vibao vya mpakani. Chama cha CDU husimamisha wagombea Ujerumani nzima isipokuwa Bavaria. Bavaria wana CSU yao, nayo haigombei pengine popote. Wakifika bungeni Berlin wanakaa kambi moja. Ni kama ile 1977 ASP na TANU wangeoana halafu kila mmoja akabaki kwao. Nakuona unavyotabasamu; punguza, wenzio wanakutazama.

Sikiliza na hili. Mwaka 1949 ilipoletwa katiba ya Ujerumani Magharibi, bunge la Bavaria liliikataa kwa kura 101 dhidi ya 63. Hapohapo wakapitisha jambo la pili: theluthi mbili ya majimbo yakiikubali, basi na sisi tumo. Yakaikubali, nao wakawamo mpaka leo. Huyo, Ami, ni bibi aliyeapa haendi harusini huku anapaka wanja.

Kwenye karakana ninakofanya kazi nina mwenzangu wa zamu, Mbavaria wa kijijini. Nikajigamba kwake: sisi tuna rais wetu, Baraza la Wawakilishi, bendera tangu 2005, na katiba yetu tangu marekebisho ya 2010 inasema Zanzibar ni nchi. Akaacha kutafuna. Wao ni milioni 13. Sisi sensa ya 2022 haikutufikisha hata milioni mbili. "Na timu ya taifa, inatambuliwa?" Hapo nikaona haya. Nikamweleza ya 2017, CAF walivyotupokea Machi na kututoa Julai. Akanishika bega kama aliyekuja kuhani, akanipa soseji yao nyeupe, ya ndama na nguruwe, ambayo kwa mila haifai kukuta kengele ya saa sita mchana. Nikamwambia, bwana, hii mimi siwezi. Akanionyesha saa ya ukutani: "Kula, bado ni saa tano na nusu!"

Nilidhani nimeshawaelewa, mpaka alipokuja fundi mpya kutoka Nürnberg. Nikamwita Mbavaria. Laiti ningemtukana! Yeye ni wa Franken, akasema, na Franken iliingizwa Bavaria zama za Napoleon. Miaka zaidi ya 200, Ami, na hajazoea. Wana bendera yao nyekundu na nyeupe, na kwake yeye wakubwa wa München ndio wanaokula kila kitu. Akaniuliza kama kwetu wapo watu wa namna yake.

Nikamkumbuka mkeo, ambaye miaka yote hii akiulizwa kwao husema Wete, Pemba, wala Zanzibar haitaji. Barua hii msomee, ila ukifika hapa jifanye miwani imeanguka.

Mwanao,
München