Kikokotoo chenye Rangi za Harusi

Kamati ya harusi ikipata mweka hazina anayependa kompyuta, ijiandae. Yetu ilimpata Shemeji. Alikataa katakata kikokotoo cha mezani cha Mama Mdogo, kile cha dukani ambacho namba zimefutika kwenye vitufe, akapakua programu ya kikokotoo (si kile cha pensheni, kile hakichekeshi) ambayo unaipanga utakavyo: rangi, ukubwa wa vitufe, idadi ya desimali, hata sauti.

Kikao cha kwanza cha bajeti kiliishia kwenye rangi. Rangi za harusi zilikuwa damu ya mzee na dhahabu, hivyo ikaonekana ni utovu wa adabu kujumlisha michango kwenye kitu cha kijivu. Mjumbe mmoja akataka kitufe cha kutoa kipunguzwe, kuondoa mkosi. Cha kujumlisha kikakuzwa mpaka saba na nane zikasukumwa pembeni kama wageni wasio na kadi.

Haya hayakuanza kwetu. Mwaka 1982, Chris Espinosa wa kampuni ya Apple alitengeneza kikokotoo cha Macintosh, na kila alipompelekea Steve Jobs, bosi alikuwa na neno: mandharinyuma yamekoza mno, mistari si unene wake, vitufe vikubwa. Espinosa alipochoka kurekebisha, akaandika programu ya kumwezesha Jobs kuchagua hayo yote mwenyewe, akamkalisha mbele yake. Jobs akaichezea kama dakika kumi, akaridhika, na sura aliyoichagua ikadumu kwenye Macintosh miaka mingi. Dakika kumi! Lakini Jobs alikuwa peke yake. Angekuwa na mashangazi wawili na mpambaji, Macintosh ingeuzwa bila kikokotoo.

Siku ya vinywaji ndipo tulipogawanyika. Kreti 20 za soda kwa upande wa bibi harusi, 10 kwa upande wetu, kila kreti 15,000. Mama Mdogo akabonyeza 20, jumlisha 10, zidisha 15,000. Akapata 450,000. Shemeji akabonyeza hayo hayo, akapata 150,020. Na hakuna mashine iliyokuwa mbovu: ile ya mezani inakokotoa kadiri unavyobonyeza, ilhali ya Shemeji, aliyoipanga kwa hesabu za kisayansi, inaanza na kuzidisha. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akaipongeza kompyuta kwa kuheshimu MAGAZIJUTO, akapendekeza tununue soda kwa bei hiyo.

“Hiyo ishirini ya nini?” akauliza Mama Mdogo.

Ishirini ilijadiliwa kuliko soda zenyewe. Kuna aliyedhani ni ya kufungulia chupa.

Kitufe cha BILA VAT, alichokibuni Shemeji mwenyewe, kikatugombanisha na meneja wa ukumbi. Bei ilikuwa 1,180,000 pamoja na kodi ya asilimia 18, nasi tulitaka kujua bei kabla ya kodi. Ungegawanya kwa 1.18, ungepata 1,000,000 kamili. Kitufe kilikata asilimia 18 ya jumla yote, kikatoa 967,600, na Shemeji akamshutumu meneja kwamba ametuzidishia 32,400. Tulikuwa tumeahidiwa chai. Haikufika.

Balaa lenyewe, hata hivyo, lilikuwa sauti. Shemeji alijirekodi akitaja tarakimu zote, ili programu itamke kila inayobonyezwa, “kuondoa makosa.” Sasa, michango ina utaratibu wake ambao hauandikwi kwenye kadi: ahadi hutangazwa, malipo hunong'onwa. Baba Mkubwa alikuwa ameahidi 500,000, tukampigia makofi na vigelegele. Siku ya kukabidhi akaiweka bahasha mezani taratibu, huku akizungumzia mvua. Shemeji akahesabu, akaanza kuandika.

“Tano,” ikasema kompyuta. “Sifuri. Sifuri. Sifuri. Sifuri.”

Wajumbe wote tukasubiri sifuri ya tano. Hata mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza. Haikuja. Baba Mkubwa akarudi kwenye habari za mvua, ila hapakuwa na wa kumwitikia.

Kikao kilichofuata alifika wa kwanza, na 450,000 taslimu. Hakuketi. Alimwagiza Shemeji aongeze sauti mpaka mwisho na abonyeze polepole, wajumbe wakishafika wote.

“Na hiyo alama ya kujumlisha,” akauliza, “nayo si inatamkwa?”